Vita vya Bandia, Mizani ya Kweli

Kwa Kiswahili, ndege ni ndege. Yule anayetaga mayai mtini na ile inayobeba abiria kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam huitwa kwa jina moja, na ni upatanisho wa kisarufi tu unaotuokoa: ndege anaruka, ndege inaruka. Jambo hili sikuwa nimelitilia maanani hata siku moja, mpaka nilipolisikia kwa mzee mmoja mkimbizi katika kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, mwaka 2018. Tulikuwa tumeketi kivulini tukipumzika, vumbi jekundu limetutia rangi hadi kwenye nyusi. Ndege ndogo ikapita juu yetu ikielekea mjini. Mzee akainua macho, akaifuata hadi ilipotoweka, kisha akasema:

"Sisi kwa Kirundi hatuchanganyi, mwalimu. Ndege wa mtini ni *inyoni*. Hii ya chuma ni *indege*. Na hilo jina la pili tumeliazima kwenu. Mlikuwa na jina moja la viumbe viwili, mkatugawia sisi lile la chuma."

Nilicheka, naye akacheka. Sikujua kwamba baada ya wiki chache yeye huyo angenitoa jasho kwa sababu ya ndege ya chuma isiyokuwa hata ya chuma.

Nitangulize maelezo kidogo. Nduta ilikuwa kambi ya wakimbizi kutoka Burundi tangu miaka ya 1990. Ikafungwa, kisha ikafunguliwa upya Oktoba 2015, pale machafuko ya Burundi ya mwaka huo yalipoijaza kambi ya Nyarugusu kule Kasulu kupita kiasi. Mimi nilikuwa nikifanya kazi kambini kwa mkataba: kufundisha Kiswahili watu wazima na kusaidia tafsiri ya matangazo. Mzee ndiye aliyekuwa akinisahihisha upande wa Kirundi. Alikuwa mtu wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambamo Kiswahili ni lugha ya nyumbani, na alikuwa mtunzi. Si wa vitabu. Alitunga kichwani akiwa kwenye foleni, akaandika kwenye karatasi yoyote iliyokuwa na mgongo mweupe. Aliwahi kukimbia nchi yake akiwa kijana mdogo mwaka 1972, akarudi, akakimbia tena 2015. Mimi alinipita kwa zaidi ya miaka ishirini, na nilimwita mzee kwa moyo mmoja.

Jioni nilirudi kulala mjini Kibondo. Huko nilikuwa na siri ndogo ambayo watu wazima hawaisemi hadharani: nilikuwa nikicheza vita vya ndege kwenye kompyuta.

Wasomaji wa ukurasa huu wengi ni watu wa vina, si watu wa injini, basi nieleze. Mchezo wangu ulikuwa IL-2 Sturmovik, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2001 na kuitwa kwa jina la ndege ya Kisovieti ya Vita Kuu ya Pili. Mchezaji hukaa ndani ya chumba cha rubani, mbele yake vipimo vya mwinuko, kasi na mafuta. Akiinua pua ya ndege kupita kiasi huku kasi imepungua, mabawa hupoteza nguvu ya kuibeba, nayo huanguka ikijizungusha kama jani. Akikata kona kali kwa kasi kubwa, damu humshuka kichwani na kioo kizima huingia giza, kama vile mboni zake mwenyewe zimefumba. Risasi zina idadi, zikiisha, zimeisha. Adui hana alama ya rangi juu ya kichwa chake: ni nukta nyeusi katika mawingu, na aliye na jua mgongoni mwake haonekani kabisa.

Hayo yote yanaweza kuwashwa au kuzimwa. Anayetaka wepesi huzima giza la macho, huwasha majina ya maadui, hujipa risasi zisizokwisha. Mchezo mwingine maarufu, War Thunder, umegawa jambo hili katika ngazi tatu zenye majina: ya burudani, ya uhalisia, na ya uigaji kamili ambamo mchezaji huona tu kile ambacho rubani angeona kutoka kitini pake. Watu wa ngazi ya juu huwatazama wa ngazi ya chini kama malenga wa tarbia anavyomtazama mtu aliyeandika barua akaikata vipande akaiita shairi. Nami nilikuwa mmoja wa hao wenye kiburi. Niliamini kwamba kadiri mchezo unavyokaribia vita vya kweli, ndivyo unavyokuwa mchezo bora, na ndivyo mchezaji anavyokuwa mtu makini zaidi.

Kucheza peke yako dhidi ya kompyuta huchosha upesi. Utamu upo katika kukutana kwa intaneti na binadamu wengine, ndipo nami nilipokutana na aibu yangu ya kwanza.

Nilikuwa nikiunganisha kompyuta kwa simu. Kompyuta iliyokuwa ikituunganisha wachezaji ilikuwa Ulaya. Amri ya kidole changu ililazimika kutoka Kibondo, kuvuka bara na bahari, na jibu kurudi kwa njia ile ile. Ukawiaji huo ni wa sehemu ya sekunde, na katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayeugundua. Angani mambo ni mengine. Ndege iendayo kilomita 500 kwa saa hukata takriban mita 139 kila sekunde. Habari zake zikichelewa theluthi moja tu ya sekunde, zinapofika kwa mwenzako ndege imekwisha kusogea zaidi ya mita 40, ilhali ndege nzima ya kivita ya zama zile ina urefu wa mita 9 hivi. Mwenzako anapiga picha ya ndege yako mahali ambapo wewe haupo tena. Mtandao ukikohoa, ndege yako huganda hewani, kisha huruka ghafla hadi mahali pengine, kama mchawi wa hadithi za bibi.

Usiku mmoja mchezaji nisiyemjua alinimiminia risasi, akaona zikinipita kana kwamba nimeumbwa kwa moshi. Akaandika mbele ya wote kwamba mimi ni mwizi. Kwamba nimetia programu ya kunikinga. Nilijaribu kueleza. Kiingereza changu kilikuwa cha polepole na mtandao wangu wa polepole zaidi. Wengine wakaungana naye, nikatolewa.

Nililala na uchungu usiolingana kabisa na ukubwa wa jambo. Nilijiambia kwamba hawa wanasema habari za usawa, kumbe usawa wao umeanza kupimwa kutoka mlangoni kwao. Kanuni ilikuwa moja kwa wote, lakini waya haukuwa mmoja kwa wote. Bado naamini kwamba katika hilo sikukosea.

Nilikokosea ni kule nilikokwenda na uchungu huo.

Baada ya siku kadhaa walinirudisha. Usiku wa kwanza tu nikamwona yule yule mshtaki wangu, jina lake nalijua. Mtandao ulikuwa mtulivu kwa namna ya ajabu. Nilipanda juu, nikajiweka upande wa jua, nikamshukia. Lilikuwa pambano zuri, na hata leo naweza kulisimulia kona kwa kona. Injini yake ikashika moto. Akaruka nje, mwavuli ukafunguka. Pambano lilikuwa limekwisha, nami nilikuwa nimeshinda kwa haki.

Nikageuza ndege. Nikarudi polepole, nikamlenga yule mtu mdogo mweupe aliyekuwa akining'inia chini ya mwavuli, nikafyatua.

Aliandika neno moja, sikulijibu. Wengine wakaandika mengi. Jibu langu lilikuwa fupi: vita ndivyo vilivyo. Kama mnataka uhalisia, basi huu ndio uhalisia.

Mchezo ule unaweza kuhifadhi pambano zima likatazamwa tena kama filamu. Nami nikalihifadhi. Kesho yake, wakati wa mapumziko ya mchana, nilifungua kompyuta kambini na kumwonyesha mzee, kwa majivuno ya mtoto aliyeua ndege kwa manati.

Alitazama kwa makini. Kona za mwanzo zilimfurahisha. Alitikisa kichwa, akaguna kama mtu anayesikiliza ubeti unaopanda vizuri. Mwavuli ulipofunguka, akauliza: "Huyu ni nani?"

"Rubani wa adui, mzee. Ndege yake imeungua."

"Na wewe mbona unarudi?"

Sikujibu. Filamu ikajibu.

"Alikuwa na silaha?"

"Hapana."

"Basi kwa nini?"

"Vita ndivyo vilivyo, mzee. Mchezo huu unafuata uhalisia."

Akalirudia neno hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja mchuzi akatafuta kilichopungua. "Uhalisia." Kisha akasema, bila hasira hata chembe: "Mmepata neno zuri, mwalimu." Akasimama, akajikung'uta vumbi, akaenda zake.

Kwa siku tatu hatukuwa na maongezi zaidi ya salamu na tafsiri. Siku ya nne aliniwekea mezani karatasi iliyokunjwa mara nne. Upande mmoja ulikuwa na tangazo la ugawaji sabuni. Upande wa pili, kwa mwandiko wake uliolala kulia, kulikuwa na ubeti huu, ambao nauweka hapa kwa ruhusa yake:

Rubani wa kwenye kiti, vita wavijua lini?
Wafa mara tatu, eti, warudi tena vitani!
Hana silaha, yu kati, aning'inia angani,
Mchezo hauna cheti, bila haki na mizani.

Mtu aliyewahi kujibizana kwa mashairi anajua kwamba ubeti wa namna hii haujibiwi kwa maneno ya mdomoni. Unadai ubeti. Nami sikuwa na la kuandika, kwa maana kila nilipoanza kujitetea, utetezi ulikatika katika mshororo wa pili. Nikaamua kwanza nichunguze kama hoja yangu ilikuwa na miguu. Je, vita vya kweli ndivyo vilivyo?

Nikaanza na mkoa ninaokaa. Watu wengi hawajui kwamba Kigoma iliwahi kupigwa mabomu kutoka angani, tena katika Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walikuwa na meli kubwa katika Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kwa reli, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wabelgiji nao wakaleta ndege ndogo za kutua majini, wakazirusha kutoka ng'ambo ya Kongo, na Juni 1916 zikaidondoshea bandari ya Kigoma mabomu zikiitafuta meli hiyo. Kumbe mizinga mikubwa ya meli ilikuwa imekwisha kung'olewa na kupelekwa kwa majeshi ya nchi kavu, na mahali pake ikawekwa mizinga ya mbao. Marubani wa kweli walihatarisha roho zao kwa ajili ya meli yenye meno ya bandia. Julai mwaka huo Wajerumani waliizamisha wenyewe. Waingereza wakaja kuiibua miaka ya 1920, na ndiyo hiyo Liemba ambayo wazee wetu na sisi tumeipanda.

Nilifurahi nilipofika hapo, nikadhani nimepata ushahidi. Ikiwa katika vita vya kweli mtu anaruhusiwa kusimamisha mzinga wa mbao na kumhadaa mwenzake, basi vita havina haki, nami sina kosa.

Lakini nilipoendelea kusoma nikakuta kwamba hata vita vyenyewe havikubali kufananishwa na nilichofanya. Sheria za kivita zinaruhusu hila: mzinga wa mbao, moto wa kumdanganya adui, kujificha nyuma ya jua. Yule aliyeruka kwa mwavuli kutoka katika ndege inayoangamia ni habari nyingine. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inasema katika kifungu cha 42 kwamba mtu huyo asishambuliwe wakati anashuka, na akifika chini kwenye ardhi ya adui apewe nafasi ya kujisalimisha kabla ya kushambuliwa, isipokuwa kama anaonekana wazi kuendelea na uadui. Askari wa miavuli wanaoshuka ili wapigane hawamo katika kinga hiyo. Inamhusu mtu aliyekwisha kushindwa. Wapo waliolivunja katazo hilo, kabla ya kuandikwa na baada yake. Lakini hata katika vita vya kweli jambo lile lina jina, na jina lake ni uhalifu.

Kwa hiyo nilikuwa nimeiba mara mbili. Nilimnyima mwenzangu haki ya mchezo, nikasingizia uhalisia. Na uhalisia wenyewe, ulipoitwa kutoa ushahidi, ukanikana.

Hapo ndipo nilipoanza kuyapima upya maneno, na hii ndiyo sehemu ninayowaletea ninyi wapenzi wa lugha.

Neno uhalisia linatokana na halisi, nalo asili yake ni Kiarabu: kitu safi, kisichochanganywa. Dhahabu halisi, maziwa halisi. Mchezo wa kuiga vita hauwezi kuwa halisi kwa maana hiyo, kwa kuwa umechanganywa na jambo moja kubwa kuliko yote: hakuna anayekufa. Mzee alilisema hilo katika mshororo wake wa pili, na hakuhitaji kuongeza neno. Mabawa, mafuta, giza la macho, jua mgongoni, hivyo vyote vinaweza kuigwa barabara. Hofu ya mtu asiyerudi nyumbani haiigiki, wala haifai kujaribiwa. Mchezo unapodai kwamba umeleta vita kama vilivyo, umedai kitu ambacho, kama kingekuwa kweli, hakuna mtu mwenye akili ambaye angekikalia jioni akinywa chai.

Neno haki nalo ni la Kiarabu, na huko lilikotoka limebeba maana mbili kwa pamoja: ukweli na stahili. Sisi tuliichukua hasa ile ya stahili, kwani kwa ukweli tulikuwa na neno letu la Kibantu, kweli. Ndiyo maana kwa Kiswahili mtu anaweza kusema kweli na asitende haki. Nami nilipoandika kwamba vita ndivyo vilivyo, nilidhani nasema kweli, nikatumaini kwamba kweli hiyo itanibeba badala ya haki.

Je, hiyo tabia njema ya mchezaji tuiiteje? Wengi husema uungwana. Ni neno tamu, lakini lina kovu: mwungwana hapo kale alikuwa mtu asiyekuwa mtumwa, na katika mkoa ulio na Ujiji, ambako misafara ya watumwa ilipita, silitumii bila kusita. Tena uungwana ni hiari; mtu hukusamehe kwa ukubwa wake. Nilipotolewa kwa sababu ya mtandao wangu, sikuhitaji ukubwa wa mtu. Nilihitaji kipimo.

Ndipo neno la mwisho la kibwagizo cha mzee lilipofunguka mbele yangu. Mizani. Muuza dagaa sokoni Kibondo anayo, hakimu amechorewa kwenye nembo yake, na malenga anaihesabu kwa vidole. Neno moja, kazi tatu. Na hapa hapa mkoani mwetu yupo mtu aliyezishika mbili kati ya hizo tatu. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, ndiye aliyetuandikia *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954. Na baada ya uhuru akawa Waziri wa Sheria wa Tanganyika. Aliyeweka kanuni za beti akapewa wizara ya kanuni za nchi. Simjui kiumbe mwingine aliyelitendea neno mizani heshima ya namna hiyo.

Mnaukumbuka ugomvi wa miaka ya 1970, pale Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, naye na wenziwe wakaitwa wavunjaji wa nyumba. Wao walisema vina na mizani vinambana mtunzi asiseme maisha kama yalivyo. Wanamapokeo wakasema bila mizani hakuna shairi. Mimi nasoma pande zote mbili na sina nia ya kuufufua ugomvi huo. Nauleta kwa sababu moja tu. Upande wowote ule, hakuna aliyedai kwamba mtu aliyekubali kujibizana kwa tarbia anaweza kuzidisha mizani katikati ya pambano, kisha akajitetea kwamba ndivyo watu wanavyozungumza mitaani. Unaweza kuukataa mchezo tangu mlangoni, na ukatunga wako. Ukishaingia, kipimo ni cha wote.

Kwa kipimo hicho nikayapanga upya mambo ya angani, na nikaona kwamba uhalisia na haki ni ndugu wawili wasioishi nyumba moja. Kushuka kutoka kwenye jua ni halisi, na ni haki, kwa kuwa jua lile lile linawaangazia wote. Kuizuia ndege ya mwenzako ikiwa bado inakimbia kwenye uwanja ili ipae ni halisi mno, majeshi yote yamefanya hivyo, na tena si kosa la kivita. Hata hivyo wachezaji wengi hukubaliana kuliacha, kwa sababu mtu aliyekuja kucheza saa moja asiimalize saa hiyo akifia mlangoni. Hapo uhalisia unapunguzwa kwa makusudi ili mchezo uwepo. Programu ya kulenga kwa niaba ya mchezaji si halisi wala si haki. Mtandao wa Kibondo kuganda si hila ya mtu, lakini unamharibia mwenzako pambano. Haki hapo ni mimi kutangulia kusema kabla ya kuruka kwamba leo waya wangu ni mbovu, na yeye kunisadiki. Na aliye chini ya mwavuli anaachwa. Huyo hana hoja ya kupimwa.

Nilimwandikia yule mchezaji. Nilisema nilikosa, na nikaeleza habari ya mtandao wangu kwa hesabu ile ile ya mita niliyowapa hapo juu. Alijibu baada ya siku mbili kwamba hakujua kuna mtu anayeweza kucheza kutoka huko nilikotaja, na kwamba naye alikosa kuniita mwizi. Hatukuwa marafiki. Tulipigana tena mara nyingi, na mara nyingi zaidi yeye ndiye aliyenishusha.

Kilichobaki kilikuwa deni la mzee. Nilitunga usiku, taa ikizimika na kuwaka, na asubuhi nikampelekea. Alivaa miwani yake iliyofungwa uzi, akasoma kimya, kisha akaanza tena tangu mwanzo huku kidole gumba kikigusa vidole vingine kimoja kimoja. Katika mshororo wa pili kidole kikasimama. Nilikuwa nimeandika "kumpata aliye hewani".

"Umezidisha mbili," akasema.

"Lakini mzee, ndivyo tunavyosema."

Akanitazama juu ya miwani. Sikuhitaji kuambiwa. Nikaichukua kalamu, nikakata, na hivi ndivyo ubeti ulivyopita mbele ya vidole vyake:

Nakiri bila sauti, kosa langu la angani,
Nilidhani ni bahati, kumpata wa hewani,
Nimejipa masharuti, silengi wa mwavulini,
Mchezo hauna cheti, bila haki na mizani.

Alihesabu mara ya mwisho, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa shati. "Haya," akasema, "sasa nionyeshe tena zile kona za mwanzo."